DAMU YA UWONGO: JEE, MBWA-MWITU ANA KOSA GANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni zake Mwenyiezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, akakigawia riziki yake, wala asikisahau hata kimoja. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, wengi katika vijana wetu wa pwani siku hizi kazi yao ni njia. Hutoka Dar es Salaam na magari ya shehena, wakapita Kahama, hata wakafika Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Hapo njia moja hushika Biharamulo na Bukoba, na nyingine huendelea mpaka wilaya ya Ngara na daraja la Rusumo, penye mpaka wa Rwanda. Nchi ile ni ya mapori makubwa, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa imekuwa hifadhi ya taifa, iitwayo Burigi-Chato. Mwenye kulala safarini huko husikia fisi akilia usiku. Na kulipokucha husikia maneno ya watu, ya kuwa yule si fisi mtupu, ni fisi wa mtu, na ya kuwa kuna bibi kizee fulani humpanda usiku kwenda kuroga. Kisha maneno haya hupakiwa garini pamoja na shehena, yakaja kushushwa barazani kwetu, na wasikilizaji wakatikisa vichwa kwa kusadiki.

Kwa hivyo nimeona wajibu kuandika maneno machache juu ya suala hili: uovu tunaompa mnyama, jee, ni wake kweli, au ni wetu tumemtwika? Na mtu akimtwika mnyama dhambi isiyo yake, au akamtwika mwanadamu mwenziwe sura ya mnyama, anapata nini mbele ya Mola wake? Asidhani msomaji kuwa hili ni suala la kupitisha wakati. Damu za watu zimemwagika kwa ajili yake.

Asili ya maneno haya tunayo katika Kitabu chetu. Katika Sura ya Yusuf, tangu aya ya 11 hata aya ya 18, Mwenyiezi Mungu ametusimulia khabari ya ndugu waliomhusudu ndugu yao. Walipomwomba baba yao awape Yusuf wende naye, Nabii Yaakub aliwaambia kuwa anachelea asije akaliwa na mbwa-mwitu nao wameghafilika. Wakenda naye, wakamtia kisimani, wakarudi usiku wakilia, na kanzu yake wameipaka damu ya uwongo, wakasema ameliwa na mbwa-mwitu. Wanazuoni wa tafsiri wamesema ya kuwa uwongo wenyewe waliuokota katika ulimi wa baba yao. Khofu aliyoitaja ndiyo waliyoigeuza kuwa ushahidi. Na wamesema tena ya kuwa Nabii Yaakub aliitazama kanzu akaiona nzima, haina hata mpasuko mmoja. Ni mbwa-mwitu gani huyu mpole, amlaye mtoto asichane nguo yake? Akajua kuwa nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo, akashika subira. Hakutoka na mkuki kumtafuta mbwa-mwitu.

Tena angalia ajabu ya sura hii. Mbele kidogo, Yusuf mwenyewe amesingiziwa na mke wa mheshimiwa wa Misri, na kanzu ikaja tena kuwa shahidi: ilipoonekana imechanika kwa nyuma, ikajulikana kuwa mkweli ni yeye. Basi kanzu isiyochanika imemtakasa mnyama, na kanzu iliyochanika imemtakasa Nabii. Ni kama kwamba tunafundishwa ya kuwa haki ya kutohukumiwa ila kwa dalili ni moja, awe mshitakiwa ni mtume au ni hayawani wa porini. Waarabu mpaka leo, wakitaka kumsifu mtu kwa kuepukana na shutuma, humfananisha na mbwa-mwitu katika damu ya mwana wa Yaakub.

Mnyama huyu atajwaye katika Kurani ni yule Waarabu wamwitao dhi'bu, na wafasiri wetu wamezoea kumwita mbwa-mwitu. Mbwa-mwitu wa nyika zetu, yule mwenye madoa, ni mnyama mwingine. Walakini jamaa zake dhi'bu hawako mbali nasi kama tulivyodhani: mwaka 2015 wataalamu waliochungua nasaba za wanyama walibainisha ya kuwa bweha wa manjano wa Afrika, aonekanaye Serengeti na Ngorongoro, ukoo wake ni wa karibu zaidi na dhi'bu kuliko na bweha wa Asia aliyekuwa akihesabiwa pamoja naye.

Sasa tazama mataifa yalivyomfanya mnyama huyu. Warumi wa kale walisema mji wao ulijengwa na mtoto aliyenyonyeshwa na mbwa-mwitu jike, wakamtukuza kwa sanamu ya shaba iliyoko Roma hata leo. Waturuki wa kale katika visa vyao walijinasibisha na mbwa-mwitu, wakamfanya mama wa kabila lao. Watu wa kaskazini ya Ulaya wao walisema kuna mbwa-mwitu aitwaye Fenrir, aliyefungwa minyororo, naye mwisho wa dunia atakatika akamla mkubwa wa miungu yao. Wafaransa mwaka 1697 waliandikiwa na Charles Perrault kisa cha mtoto wa kike mwenye kofia nyekundu aliyeliwa na mbwa-mwitu mwenye maneno matamu. Na mwandishi mwenyewe ameeleza mwishoni kuwa anawakusudia wanaume wenye kuwahadaa wasichana. Na katika washairi wa Kiarabu, Shanfara aliwahesabu wanyama wa jangwani kuwa ndio jamaa zake baada ya kuwakimbia watu, na Farazdak alisimulia jinsi alivyomgawia mbwa-mwitu chakula chake usiku.

Mnyama ni mmoja. Huku ni mama, huku ni adui, huku ni mgeni, huku ni mwanamume mdanganyifu. Yeye mwenyewe hakubadilika: huwinda akashiba, hulea watoto wake, akafa. Waliobadilika ni wasimulizi. Kwa hivyo mwenye akili akisikia kisa cha mnyama, na amwulize kwanza yule asimuliaye, kwani kisa humweleza yeye zaidi kuliko kumweleza mnyama.

Na sheria yetu imeliweka jambo hili wazi. Dhambi haiwi ila kwa mwenye kukalifishwa, na kukalifishwa hakuwi ila kwa akili. Mnyama hana amri wala kanyo; kwa hivyo hana uasi. Katika Sura ya An'am, aya ya 38, tumeambiwa ya kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Na katika hadithi sahihi, jeraha la mnyama aliyejiendea mwenyewe halina dia. Ikiwa mtu atasema, "Lakini imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa siku ya Kiyama kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe," tutamjibu kama walivyojibu wanazuoni: hicho ni kisasi cha kusawazisha, kudhihirisha ukamilifu wa uadilifu wa Mungu, wala si kisasi cha mkalifishwa. Na linalotupasa sisi kulizingatia ni hili: ikiwa pembe ya kondoo haisahauliwi, utasahauliwaje ulimi wa mwanadamu?

Wala haina maana kwamba tumwache mnyama atudhuru. Sheria imeruhusu kumwua mnyama ashambuliaye, na wanazuoni wengi wamemwingiza mbwa-mwitu na simba katika wale wanaouawa hata ndani ya Haramu. Mwenye mbuzi na alinde mbuzi wake. Lakini kuondoa madhara ni jambo moja, na kutukana na kusingizia ni jambo jingine.

Na tumtazame fisi, ambaye ndiye mbwa-mwitu wa visa vyetu. Sisi twamwita mlafi, mwoga, mwizi wa mizoga na chombo cha wachawi. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, fisi ni halali kuliwa, kwa hadithi ya Jabir, na mwenye kumwua hali ya kuwa katika ihramu hulipa kondoo dume. Ama dhi'bu ni haramu kwa sababu ya meno yake ya kushambulia. Sisemi haya kwa kuwahimiza watu wa pwani wale fisi, kwani tabia zao zamkataa. Nasema ili ijulikane ya kuwa maimamu walimpima kwa dalili, na masimulizi ya usiku hawakuyatia katika mizani. Na katika mji wa Harar, mji wa Kiislamu katika nchi ya Uhabeshi, watu huwalisha fisi nje ya ukuta, na ukuta wenyewe una vitundu vya kuwapitisha.

Hata wizi tulionao juu yake umechunguzwa. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, jina lake Hans Kruuk, alikaa Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi usiku. Watu walikuwa wakiona asubuhi simba anakula na fisi wamemzunguka, wakasema: tazama walafi wangojao makombo. Yeye akaona ya kuwa fisi huua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na ya kuwa huko Ngorongoro mara nyingi mnyama ameuawa na fisi, kisha simba akaja akawanyang'anya. Basi aliyeitwa mwizi ndiye aliyeibiwa, na mnyang'anyi ndiye aliyepewa ufalme. Wahenga wamesema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sasa, ndugu zangu, hebu tuyahesabu makosa ambayo watu hufanya katika mlango huu, nayo ni matatu.

Kosa la kwanza ni mtu kufanya uovu kisha akamtwika mnyama, nalo ndilo kosa la ndugu zake Yusuf. Lilitokea katika nchi yetu. Huko Singida, khasa katika miaka ya 1946 na 1947, watu waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na makucha, na kila maiti ikipatikana husemwa: ameliwa na simba. Serikali ya wakati ule ilipochungua, ilikuta mikono ya wanadamu. Watu wakakamatwa, wakashitakiwa, na wengine wakahukumiwa. Ilikuwa kanzu na damu ya uwongo kwa mara nyingine. Na faida ya uwongo huu kwa muuaji ni kubwa, kwa kuwa hakuna amwekeaye simba kesi.

Kosa la pili ni kinyume chake: mnyama au maradhi hufanya lake, kisha akatwikwa mwanadamu. Katika nchi ya Njombe, tangu miaka ya 1930 hata 1947, simba walikula watu wengi sana. Wenyeji wengi walisadiki kuwa si simba wa kweli, ni simba waliotumwa na mchawi, na kwa khofu hiyo walikataa hata kuwataja. Bwana nyama, George Rushby, na watu wake, waliwaua simba 15, na kuliwa kwa watu kukakoma. Risasi haimwondoi mchawi aliye nyumbani kwake. Basi kama angalikuwako, mbona mambo yalikoma simba walipokwisha?

Na katika nchi za Ziwa, khasa Usukuma na zilizo jirani nayo, kosa hili limewaua vikongwe wengi, miaka nenda miaka rudi. Mtoto hufa kwa homa, au ng'ombe hufa. Mpiga ramli huulizwa, naye huelekeza kidole kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, na kwa fisi aliyeonekana karibu na boma lake. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni, alizopikia miaka arobaini akiwalisha watoto, na pengine miongoni mwa watoto hao yumo huyo aliyemjia na panga. Tena mara nyingi nyuma ya ramli pana shamba la urithi, na nyuma ya khofu pana tamaa. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Kaab bin Malik, Mtume (s.a.w.) alitaja mbwa-mwitu wawili wenye njaa walioachiwa katika kundi la kondoo, akabainisha kuwa uharibifu wao haushindi uharibifu ambao pupa ya mali na cheo huufanya katika dini ya mtu. Basi mwenye kumtafuta fisi wa mchawi na aanze kutafuta ndani ya kifua chake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala wasijidai Wazungu kuwa hili ni la Waafrika peke yao. Mwaka 1589, karibu na mji wa Cologne katika nchi ya Ujerumani, mtu aitwaye Peter Stumpp aliuawa kwa mateso makali kwa kuambiwa kuwa hujigeuza mbwa-mwitu. Na kukiri kwake kulipatikana kwa kutishwa na chombo cha kutesea. Wala tusijidai sisi wa pwani tukawacheka watu wa bara. Mwaka 1995, katika fitina ya Popobawa huko Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye huyo Popobawa. Nao walikuwa Waislamu, wana wa Waislamu, wasikiao adhana mara tano kwa siku.

Hapa atasimama mtu aseme: "Ewe sheikh, jee, wewe wakanusha uchawi, na umetajwa katika Kurani?" La, sikanushi. Watu wa Sunna wamethibitisha kuwa uchawi upo, na ni katika madhambi makubwa yaangamizayo. Lakini kuwapo kwa jambo si dalili ya kuwa fulani amelifanya. Wizi upo duniani, wala hatukati mkono wa kila apitaye. Na angalia ulinzi waliouweka maimamu wetu: Imamu Nawawi katika Minhaji ameeleza ya kuwa kuua kwa uchawi hakuthibiti ila kwa mwenye kufanya kukiri mwenyewe, wala hakuthibiti kwa mashahidi, kwa kuwa shahidi haoni makusudio ya mchawi wala athari ya uchawi wake. Na kukiri kwa kupigwa au kutishwa si kukiri. Na yapokewa kutoka kwa Imamu Shafii ya kuwa mtu aliye mwadilifu akidai kuwa amewaona majini katika umbo lao, ushahidi wake hubatilika, isipokuwa awe Nabii. Basi utakuwaje ushahidi wa mtu aliyemwona bibi kizee juu ya mgongo wa fisi, usiku, kwa mbali, na moyo wake umejaa khofu? Na mpiga ramli ni mtu tuliyekatazwa kumwendea na kumsadiki. Yawaje tumpe kisu cha kuchinjia Waislamu na wasio Waislamu?

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kumwita mwanadamu mnyama. Nalo pia njia ya Lusahunga inalijua. Mwaka 1994, katika Rwanda, redio iliwaita watu mende, siku baada ya siku, hata masikio yakazoea; na masikio yalipozoea, mikono ikaona wepesi. Katika siku kama mia moja waliuawa watu wapatao 800,000. Mto Kagera ulichukua maiti hata Ziwa Viktoria. Kisha, mwisho wa Aprili mwaka ule, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia na waliokimbiwa. Na kwa miaka mingi baadaye magari yapitayo mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Walichelea nini? Pori lina simba, chui na fisi, na hakuna aliyetaka bunduki kwa ajili yao. Walichelea majambazi, nao ni wana wa Adamu.

Hapa yatubainikia maana ya aya ya 179 ya Sura ya A'raf, iliyotaja watu wenye nyoyo wasifahamu kwazo, na macho wasione kwayo, kuwa ni kama wanyama, bali wamepotea zaidi. Kwani mnyama hakupewa akapoteza. Mwanadamu amepewa akatupa. Na mwenye haki ya kumshusha mja daraja hiyo ni Muumba wake, ajuaye yaliyomo moyoni. Wewe na mimi tumekatazwa dhana mbaya na majina mabaya, katika Sura ya Hujurat, na tumeamrishwa kupeleleza khabari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Kwa hivyo jawabu la suala letu ni hili. Uovu si wa mnyama. Mnyama ana madhara, na madhara huzuiwa. Uovu ni wa yule mwenye akili, naye huutafutia ngozi ya kuuficha: mara ngozi ya simba, mara ngozi ya fisi, mara ngozi ya jirani yake. Na kila ngozi ichunuliwapo, chini yake huonekana husuda, tamaa au khofu.

Nami nawausia ndugu zangu, khasa wenye kusafiri. Ukisikia katika kijiji chochote, bara au pwani, kuwa bibi fulani ana fisi, usicheke na usiitikie. Uliza: nani ameona, ameona nini, na nani atarithi shamba? Ukiona watu wanakusanyika kumwendea, usiwe pamoja nao hata kwa kutazama. Piga khabari kwa wenye serikali, na kama unaweza kusimama mlangoni pake, simama. Ukirudi, usiyabebe maneno hayo ukayatia chumvi barazani, kwani neno hilo hilo laweza kumfikia mtu wa pili mwenye panga. Na nyumbani kwako wafundishe wanao kisa cha Yusuf chote, hata fungu la mbwa-mwitu, wajue ya kuwa Mola wetu hakumwacha hata hayawani wa jangwani abebe dhambi ya wengine. Amemtakasa katika Kitabu kisomwacho mpaka siku ya Kiyama. Bibi kizee wa Kiislamu na asiyekuwa wa Kiislamu, aliyeumbwa kwa umbo lililotukuzwa, hatakosa kutakaswa siku hiyo, na wenye kumsingizia watasimama mbele yake.

Mwenyiezi Mungu atuhifadhi na damu za watu, na ndimi zetu, na dhana zetu. Wallahu aalam, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil-alamin.